Mwinyimvua Agomea Kahawa

Nyuma ya Mtaa wa Kongo lipo benchi la wataalamu wa kila jambo, isipokuwa kazi zinazowaweka mjini. Asubuhi hiyo Mwinyimvua, muuza khanga, alifika macho yamemgeuka njano kama bizari, anajikuna mikono. Adamu wa kahawa alipomkabidhi kikombe, mzee alikifudikiza kwa kishindo. Pale kijiweni, kufudikiza kikombe kabla ya kunywa ni kutangaza ugomvi, na Mwinyimvua aliutaka.

— Tumekukosea nini tena, Mzee Mwinyi? aliuliza Waya, fundi simu.

— Wiki iliyopita naenda hospitali, mkaninywesha kahawa na kashata, eti mnaniaga kiheshima. Nesi akanirudisha, akanipangia leo! Niliambiwa nisile wala nisinywe.

— Kahawa siyo chakula, mzee. Inazibua.

— Kilichoziba ni kansa, Waya. Siyo mafua.

Keyur, mwenye duka la mabomba, akajiweka sawa.

— Bomba likiziba, fundi anavunja ukuta. Hawa hawakupasui? Kuna kitu wanakuficha.

— Hawanipasui. Wanapitisha mpira mwembamba wenye kamera mdomoni, unashuka mpaka mwanzo wa utumbo, kwenye tundu la nyongo. Pale kansa ilipobana mfereji, wanaweka kibomba cha kuutanua. Nyongo ipite njia yake, iache kurudi kwenye damu na kunipaka rangi.

— Kamera? Waya alishtuka. Kamera ina laini hiyo! Kesho unawaza jambo, mtu yuko ofisini anakusoma.

— Atakuta ninavyokutukana.

— Na chuma tumboni, Keyur akadakia. Radi ikipiga Kariakoo, itakutafuta wewe tu!

— Ije. Dukani kwako kuna chuma zaidi.

Kicheko kilipotulia, Waya akashusha sauti.

— Lakini mzee, hiyo kansa inatoka?

Mwinyimvua aliacha kujikuna. Swali hilo alishamuuliza daktari, na jibu lake alikuwa hajampa mtu.

— Haitoki. Kibomba hakiiondoi. Ila nitalala bila kujikuna, nitakula, na njano ikishuka wataweza kunianzishia dawa za kansa. Mlitaka nikae nayo tunatazamana? Mgambo wameshindwa kunihamisha hapa, nihamishwe na kitu hata kwa sura sikijui!

Dada mmoja, Leticia, aliyekuwa anasubiri Keyur amuuzie koki, akasogea.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, mwanangu.

— Watakupa dawa ya usingizi. Nani anaenda na wewe?

Ghafla Waya alikumbuka simu ya mteja. Keyur akaikagua koki kama ni almasi. Adamu akaanza kusugua birika lililokuwa linang'aa. Mwinyimvua aliwatazama mmoja mmoja. Nesi alimwambia asirudi bila mtu, na kwa siku zote hizo aliona haya kulisema mbele ya watu wanaomwita ndugu. Leo haya hakuwa nayo. Akasimama.

— Waya, funga meza.

— Mzee, mimi nikisikia harufu ya hospitali naishiwa nguvu...

— Utaishiwa ukiwa umekaa. Kazi yako ni kunishikia viatu. Mdomo mwachie Keyur hapa.