Fundi Tupokigwe na Taa Inayomfuata Msomaji

Tarehe 30 Juni 2025, Fundi Tupokigwe Mwambene anastaafu baada ya kuitumikia Shule ya Sekondari Ilongoti kwa miaka thelathini na moja. Alifika hapa mwaka 1994, wakati shule ilikuwa na madarasa manne na umeme ulikuwa katika ofisi ya mkuu wa shule tu. Anaondoka umeme ukiwa katika kila jengo, pamoja na banda la kuku. Banda hilo alilifungia taa bila kuombwa na mtu, kwa sababu, alivyosema, vifaranga navyo vinasikia baridi ya Mbeya.

Fundi Tupokigwe alizaliwa Rungwe, mtoto wa tatu wa mkulima wa chai. Ufundi wa umeme aliuonja kwa mjomba wake aliyekuwa akitengeneza redio, kisha akaenda Iringa kuusomea chuoni. Darasa zima lilikuwa la wavulana isipokuwa yeye. Siku ya kwanza mwalimu mmoja alidhani amepotea, akamwonyesha kwa upole mlango wa darasa la ushonaji. Tupokigwe alishukuru, akaenda huko, akakuta swichi ya taa imekufa, akaitengeneza, halafu akarudi kukaa kwenye kiti chake.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa Kilolo, katika kiwanda kidogo cha mbao. Huko ndiko alikompata mume wake. Mzee wake anasema alikwenda kuazima ngazi kwake na hajairudisha hadi leo. Mama anasema ngazi ilirudi, ila ilirudi na mtu.

Hapa Ilongoti amefanya kazi zote ambazo hatuzioni mpaka zisipofanyika. Amevuta waya darini, amebadilisha swichi zilizochakaa, ametengeneza pampu ya kisima na pasi za walimu. Amefundisha Klabu ya Ufundi kila Jumamosi. Amekamata pia hita nyingi za kuchemshia maji ambazo wanafunzi huzificha ndani ya ndoo chini ya nguo chafu. Hakuwahi kupekua. Alikuwa akitazama mita inavyokimbia, kisha anasimama katikati ya bweni na kusema, "Aliyepika chai anikaribishe." Mara nyingi mwenye chai alijitokeza mwenyewe.

Wanafunzi tunamwita Mama Holda. Holda ni kile kikombe kinachoshika balbu, na wageni wanaosikia jina hilo hudhani ni utani tu. Wasifu huu ungepungukiwa kama usingeeleza lilikotoka.

Mwaka 2022 alijiunga na kidato cha kwanza mwanafunzi anayeitwa Minza Nkuba, kutoka familia ya wafugaji wa bonde la Usangu. Minza ana uoni hafifu. Mwanga ukimpiga usoni, maandishi yote yanapotea. Mwanga ukiangukia ukurasa peke yake, tena kwa karibu, anasoma kama mtu mwingine yeyote. Ukumbi wetu wa kujisomea ulikuwa na taa za tyubu juu kabisa, ambazo kwake zilikuwa na ubaya wote kwa pamoja: ziko mbali na kitabu na zinamwakia machoni. Wakati wa prepo alikuwa akiinama mpaka pua inagusa karatasi, au anakaa tu akisubiri wenzake wamsomee.

Walimu walikaa kikao. Wengine walipendekeza apewe chumba chake, wengine walisema asogezwe mlangoni. Fundi Tupokigwe, aliyekuwa ameitwa kutengeneza feni ya chumba hichohicho cha mkutano, alisema akiwa juu ya ngazi, "Kwa nini mnamhamisha mtoto? Hamisheni taa."

Mwalimu Aroni Kihwele wa fizikia alimjibu, "Taa haina miguu, Mama."

"Basi tuipe shingo."

Wakaifanya kazi hiyo pamoja, mwalimu akichora na fundi akikata. Kazi yenyewe ilikuwa holda isiyotazama upande mmoja, yaani holda inayoweza kuinamishwa na kuzungushwa na mkono wa mwanafunzi, kisha ikabaki pale alipoiacha. Jaribio la kwanza lilitumia springi, na taa ikawa inaitikia kwa kichwa kila mtu akipiga chafya. Shingo nzuri waliipata Mwanjelwa, kwenye vibanda vya vipuri. Kioo cha pembeni cha bajaji hushikwa na gololi ya chuma inayokaa ndani ya kikombe. Kioo hicho hupita barabara zetu zote za mashimo na hakilegei. Lugano, kijana wa Mwanjelwa anayechonga vyuma, aliitoboa gololi katikati ili waya upite. Juu kulikuwa na bomba lililoshuka kutoka darini, chini kulikuwa na holda, balbu na kofia ya bati. Kofia ilikuwa na upande mmoja mrefu wa kukinga macho ya msomaji.

Meza za ukumbi wetu ni za watu wanne, na kila meza ilipata taa yake katikati. Si Minza peke yake aliyefaidika. Wapo wenzetu wenye ualbino, wapo wanaovaa miwani, na wapo ambao hawana tatizo lolote ila wanapenda kuchezea kitu kinachozunguka. Jina la Mama Holda lilianza muhula ule.

Mwezi Machi 2023, alasiri moja ya ukungu mzito, taa ya meza ya Minza ilipiga cheche. Harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa ukumbini, umeme ukakatika, watu wakaruka madirishani. Hakuna aliyeumia. Hata hivyo mkuu wetu wa shule, Mwalimu Juliana Mgimwa, aliagiza siku hiyohiyo taa zote za aina ile zishushwe. Alikuwa na haki. Watoto wa watu wako mikononi mwake.

Habari ilifika Usangu kabla ya barua ya shule. Baba yake Minza, Mzee Nkuba, alifika na fimbo yake, akasalimia wote kwa heshima, akasema amekuja kumchukua binti yake. Shule nyingine yenye kitengo cha wanafunzi kama yeye ilikuwa imejaa mpaka mwaka unaofuata. Mtihani wa upimaji wa kidato cha pili ulikuwa Novemba. Kila mtu pale alijua kwamba Minza akiondoka mwezi ule, mtihani haupo, na kurudi kwake shule baadaye kulikuwa jambo la kuombea tu. Minza mwenyewe alisimama nje ya ofisi na begi lake.

"Sigombani na mtu," alisema Mzee Nkuba. "Lakini ng'ombe wangu akinasa kwenye tope, kesho simpitishi palepale."

"Usimpitishe, Baba Minza," Fundi Tupokigwe alimjibu. "Nipe nafasi nilifukie hilo tope kwanza."

Mzee aliegemea fimbo yake. "Mnada ujao nitakuwa huku Mbalizi na ng'ombe. Nikikuta bado, nampakia."

Begi likarudi bwenini, ila Minza hakulifungua.

Fundi na Mwalimu Aroni waliipasua holda iliyoungua mbele ya darasa. Mwalimu alidhani ukingo wa gololi umekata waya. Fundi alidhani ameuziwa waya hafifu. Walilainisha ukingo, wakajaribu waya mwingine, wakaizungusha huku na huku karakana nzima ikitazama. Haikupata hitilafu yoyote. Siku zilikwenda, na mnada ulikuwa unakaribia.

Ndipo Fundi alipomwita Minza na wenzake watatu wa meza yake. Akawakalisha chini ya holda isiyo na umeme, akasema, "Msinieleze chochote. Kaeni kama mnavyokaa siku zote."

"Siku zote zipi, Mama?" Minza aliuliza. "Kila Jumatatu tunahama."

Hapa inabidi kueleza desturi yetu kwa wageni. Dirisha la ukumbi upande wa mlimani linapitisha baridi kali, hasa Juni na Julai. Ili asiwepo mtu wa kuligeuzia mgongo dirisha hilo muhula mzima, kila Jumatatu watu wa meza moja husogea kiti kimoja kuelekea kulia. Wote tunaifahamu desturi hiyo, naye Fundi aliifahamu. Lakini Jumatatu yeye huwa kisimani kwenye pampu, na hakuwahi kuiona ikifanyika chini ya taa.

"Haya, hameni. Fanyeni Jumatatu."

Walihama. Minza akakaa kiti kipya, akanyoosha mkono, akaivuta kofia robo mzunguko imfuate.

"Jumatatu nyingine."

Wakahama tena, kofia ikafuata. Wakahama mpaka wakaimaliza meza na kuianza upya, na kila mara taa ilikwenda upande uleule, wala haikurudi nyuma hata mara moja. Ndani ya bomba, waya ulikuwa unajisokota kama kamba ya mbuzi anayezunguka kigingi.

Fundi Tupokigwe alikaa chini akacheka mpaka akajifuta macho. "Ee, wanangu! Kumbe mnaizungusha kama kinu cha kusaga ulezi!"

Mwalimu Aroni naye alicheka, akasema mchoro wake ulifikiria kila kitu isipokuwa Jumatatu.

Dawa yake ilikuwa pini ndogo kwenye gololi, inayoiacha taa izunguke karibu duara zima kisha inaigomesha, ili mtumiaji alazimike kuirudisha alikotoka nayo. Lugano hakufurahi alipoletewa kazi hiyo.

"Mama, si ulitaka izunguke? Nikakuzungushia. Leo unataka igome?"

"Igome mahali pamoja tu, Lugano. Kama wewe ukiambiwa uje kanisani."

Pini ya kwanza ilikuwa ya shaba. Fundi aliwapa kidato cha kwanza holda hiyo bila umeme, waichezee kwenye meza za chakula, akisema wao wakishindwa kuiharibu hakuna atakayeweza. Waliizungusha wakati wa uji na wakati wa maharage, na pini ikapinda. Pini ya pili aliitoa kwenye spoku ya baiskeli. Baada ya siku chache walimrudishia wakiwa na huzuni.

"Mama, imegoma."

"Imegoma wapi?"

"Hapa. Haiendi tena."

"Vizuri sana. Nendeni mkanywe uji."

Mkuu wa shule hakuridhika na uji. Alimleta mkaguzi wa umeme kutoka mjini, naye akataka mambo mawili: mpira laini mahali waya unapopita kwenye gololi, na waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, kwenye kila kipande cha chuma. Fundi aliyafanya yote bila kununa, akasema la mpira alipaswa kuliwaza mwenyewe.

Siku ya mnada Mzee Nkuba alifika kabla ya chakula cha mchana, vumbi la ng'ombe likiwa bado kwenye viatu. Hakuomba maelezo. Aliingia ukumbini, akaishika kofia ya taa na kuizungusha kwa mkono uliozoea kukamata pembe. Ikagoma. Akaongeza nguvu. Ikagoma vilevile.

"Ikigoma hivi nafanyaje?"

"Unairudisha, Baba," alisema Minza. Akaichukua, akairudisha, akaielekeza kwenye kitabu chake cha jiografia, akaanza kusoma habari za mmomonyoko wa udongo. Alisoma ukurasa mzima. Baba yake hakuwa akitazama kitabu. Alikuwa akitazama mgongo wa mtoto.

"Hajainama," alisema.

Akachukua fimbo yake. Mlangoni alimwambia Fundi, "Basi abaki." Fundi akajibu, "Ndaga," ambayo ni ahsante ya kwao Rungwe, na Mzee akaitikia kwa Kisukuma. Hakuna aliyetafsiri.

Minza alifanya mtihani wa kidato cha pili na kufaulu. Sasa yuko kidato cha nne na anataka kusomea ualimu. Holda zenye pini zipo kwenye meza zote za ukumbi, na tangu zifungwe hakuna iliyokata waya. Shule moja ya Kilolo iliomba zake, na mwaka jana Fundi alikwenda kuzifunga, akarudi na gunia la viazi na malalamiko kwamba baridi ya kule imeongezeka tangu aondoke. Klabu ya Ufundi inajua kuzitengeneza. Michoro ya Mwalimu Aroni imebandikwa karakana, na safari hii Jumatatu imo.

Fundi Tupokigwe anakwenda kuishi Rungwe na mzee wake, kwenye shamba la chai la baba yake. Anasema atapumzika. Mzee anasema Mama tayari ameagiza waya.

Kwa niaba ya wanafunzi wote, waliopo na waliopita, tunakushukuru Mama. Tunashukuru kwa mwanga, kwa Jumamosi zako zote, na hata kwa hita ulizotunyang'anya, kwa kuwa mabweni yetu hayajawahi kuungua.

Jambo la mwisho lilitokea Januari mwaka huu, na Minza ameomba liandikwe. Mzee Nkuba alikuja tena shuleni, safari hii na binti mwingine, Roza, mdogo wake Minza, ambaye ana macho kama ya dada yake. Mwalimu wa zamu alitaka kuwaonyesha kwanza bweni, kisha bwalo, kisha uwanja. Mzee alimsikiliza kwa adabu, halafu akauliza swali moja: "Taa ya huyu ni ipi?"

Ni Fundi Tupokigwe aliyewapeleka.

Nenda salama, Mama Holda. Maisha yako ya kustaafu yawe mema na marefu, na mikono yako ipate kupumzika kadiri itakavyokubali.

Yusta Chaula, Kidato cha Tatu
Kwa niaba ya wanafunzi wa Ilongoti