Kamati ya Kukomesha Uonevu Yakutana Benchini

Ilipotimia saa mbili na robo asubuhi, benchi lililo nje ya kibanda cha kunyolea lilikuwa limeshapata watu watatu na birika moja la kahawa. Wa kwanza kuketi alikuwa Seremala, ambaye binti yake wa darasa la tano alikuwa na siku ya nne hataki kwenda shule kwa kuonewa na wenzake. Wa pili alikuwa Kifungu, karani mstaafu wa mahakama, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hata salamu huitolea kifungu. Wa tatu alikuwa Nusukichwa, kinyozi mwenyewe, ambaye umeme uliwahi kumkatikia katikati ya kichwa cha bwana harusi. Mwalimu mkuu alikuwa amemwomba Seremala apendekeze ratiba ya mkutano wa shule nzima dhidi ya uonevu, na aifikishe kabla ya saa nne. Karatasi ilikuwa juu ya goti la Kifungu.

— Kipengele cha kwanza, sala. Cha pili, wimbo wa shule. Cha tatu, hotuba yangu.

— Ya dakika ngapi? — akauliza Seremala.

— Arobaini na tano. Haraka haraka haina baraka.

— Hao watoto, Kifungu, si mahabusu!

— Ndiyo maana nimeipunguza.

Nusukichwa akajiongezea kahawa.

— Maneno hayamtishi mnyanyasaji. Dawa ya moto ni moto. Nileteeni wote niwanyoe upande mmoja.

— Hiyo kazi tunajua unaiweza.

— Chekeni! Yule bwana harusi si alikuwa mkorofi? Mbona tangu siku ile mpole?

— Alipoa kwa sababu harusi iliahirishwa!

— Hoja imekataliwa — akasema Kifungu. — Kipengele cha nne ndicho roho ya mkutano. Wote wanaoonewa wapite mbele, wajipange kwa urefu, kila mmoja ashike kipaza sauti amtaje mbaya wake.

— Mbele ya wanafunzi mia sita?

— Mficha uchi hazai.

— Wana miaka kumi, we mzee! Nani kakwambia wazae?

— Basi tuwape moyo — akadakia Nusukichwa. — Achaguliwe Mwonewa Bora wa Mwaka. Apewe kikombe, picha yake ibandikwe getini. Binti yako hana mpinzani!

Seremala alianza kucheka, kisha akaacha.

Hapo ndipo mkewe alipofika kuichukua karatasi aipeleke shuleni.

— Karibu, shemeji — wakasema wawili kwa pamoja.

Aliisoma kuanzia juu, kidole kikifuata mistari. Kwenye cha nne kidole kikasimama.

— Ninyi nyote mlisoma shule hiyohiyo. Nani alikuwa akiwaonea?

Kifungu alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Nusukichwa alifungua kinywa, akatazama barabarani kulia, akatazama kushoto, akakifunga.

— Mtajeni basi. Niko peke yangu, tena sina kipaza sauti.

— Punguza sauti, shemeji — akanong'ona Nusukichwa. — Huwa anapita hapa saa tatu.

Seremala akaichukua kalamu mkononi mwa Kifungu na kukikata kipengele cha nne. Alikikata mara mbili, kwa kuwa baada ya mara ya kwanza kilikuwa bado kinasomeka.