Kama Si Mchezo, Usije

Benchi la Bi Oleta liko nje ya duka lake la chakula cha mifugo, kando ya barabara kuu ya Tolliver, huku Texas ya magharibi. Limeelekea mnara wa maji wenye maandishi makubwa ya ule mwaka vijana wa mji walipochukua ubingwa wa jimbo katika mpira wetu huu wa helmeti na mabega ya plastiki. Kila Jumamosi asubuhi hukaa hapo wazee watatu. Kahawa yao ni ya bure, na maneno yao ni ya bure zaidi. Wa kwanza ni Weldon Stroud, anayeitwa Themanini na mji mzima, kwa namba ya jezi aliyovaa siku alipodaka mpira ulioleta ubingwa huo. Jezi haimwingii tena, ila jina halijamtoka. Wa pili ni Leroy Hutto, yaani Jaji. Hajawahi kuwa jaji wala karani wa jaji. Aliitwa mara moja tu mahakamani kuwa mzee wa baraza kwenye kesi ya ng'ombe aliyeibwa, na tangu hapo anatoa hukumu mpaka juu ya supu. Wa tatu ni Beto Cantú, mfugaji, anayeitwa Mvua kwa sababu huitangaza mvua kila siku katika nchi ambayo mvua imeisahau.

Jumamosi hiyo Themanini alikuja hajalala vizuri. Jana jioni mezani mjukuu wake Tatum, binti wa miaka kumi na sita aliyerithi mabega ya babu yake, alimuuliza kitu. "Babu, hiki ninachofanya mimi ni mchezo au si mchezo?" Tatum ni mshangiliaji wa timu ya shule, mmoja wa wasichana wanaobebana na kurushana juu kando ya uwanja huku wakiita majina. Si yule anayerushwa juu watu wakampiga picha. Yeye ni wa chini, anayesimama imara na kumbeba mwenzake. Themanini alitafuna nyama, akafikiri, akajibu, "Ni mazoezi mazuri." Akadhani amemsifu. Tatum akapeleka sahani yake kwenye sinki taratibu, akasema, "Basi kesho usije, Babu. Kama si mchezo, hakuna cha kutazama." Alfajiri basi la shule likaondoka kwenda Fort Worth kwenye mashindano ya jimbo, na bibi yake, Nelda, akalifuata kwa gari lake dogo. Mlangoni alimwambia mumewe "shauri yako", basi.

Ndiyo maana Themanini alilileta swali benchini. Wenzake wakisema ni mchezo, angepata la kumwambia mtoto. Wakisema si mchezo, angalau asingekuwa mkosaji peke yake. Tatizo ni kwamba hakutaka wajue ni la nani.

— Hivi, akaanza, macho barabarani, hawa wasichana wanaoshangilia pale uwanjani… ule ni mchezo au si mchezo?

— Umeniuliza jambo jepesi mno, Jaji akasema, akaweka kikombe chini. Mchezo lazima uwe na mpira. Hakuna mpira, hakuna mchezo. Kesi imefungwa.

— Acha hizo, Jaji, Mvua akadakia. Na rodeo je? Mwanangu kavunjika mbavu kwenye rodeo, akipanda fahali. Mpira ulikuwa wapi?

— Fahali ndiye mpira.

— Fahali ndiye nani?

— Mpira ni kile kitu kinachotolewa macho na watu wote. Kwenye rodeo watu wote wanamtolea macho fahali. Kwa hiyo fahali ndiye mpira.

— Kwa hiyo mwanangu aliupanda mpira, kisha mpira ukamkanyaga.

— Kisheria, ndiyo.

Bi Oleta akatoka na birika, akawajazia vikombe bila kuulizwa. Ni mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na hana subira na mtu yeyote kabla ya saa sita.

— Na kuogelea, Jaji? Kuna mpira?

— Kuogelea ni kuoga kwa haraka.

— Mungu nipe moyo, Bi Oleta akasema, lakini hakuingia ndani.

Jaji alikuwa keshapata moto. Akageuka kabisa kwenye benchi ili wamwone vizuri.

— Halafu kuna jambo la uso. Mchezo wa kweli unakunja uso. Nani kati yenu amewahi kumwona mchezaji anatabasamu huku anaangushwa? Wale wasichana wanatabasamu mwanzo mpaka mwisho. Mtu anayetabasamu haumii. Na mtu asiyeumia hachezi, anajifurahisha tu.

Themanini akatazama ndani ya kikombe chake. Alikumbuka msimu wa mpira uliopita, Tatum alipoingia jikoni mdomo umevimba kama amepigwa ngumi. Mwenzake alikuwa ameteleza kutoka juu, goti likampiga usoni. Nelda alimwekea mfuko wa njegere za barafu. Na huyo mtoto, mdomo vile, alikuwa anacheka, anasema, "Lakini sikumwangusha, Babu, hakugusa chini!" Yeye Themanini aliuliza nini? Aliuliza kama kuna mtu kaona rimoti ya televisheni. Lo!

— Nyote hamjui kitu, Mvua akasema, akasogea mbele. Sikilizeni. Wale si wachezaji, wale ni upepo.

— Haya, tumekwisha, Jaji akasema.

— Cheka tu. Sauti ni nini? Si hewa? Hewa inasukuma hewa, hewa inasukuma mpira. Mnakumbuka mwaka ule tulivyofungwa na timu ya Brownlee? Wasichana walihamishiwa upande wa mashariki kwa sababu ngazi za kukalia watazamaji upande wao zilikuwa zinapakwa rangi. Wakapiga kelele, kelele ikaenda na upepo kwenye mashamba ya pamba. Mpira ukapigwa, ukafika nusu, ukaanguka kama bata aliyepigwa risasi. Nilikuwepo!

— Ulikuwa kwenye foleni ya soseji.

— Nilikuwa kwenye foleni nimegeuza shingo! Na hata huyu hapa, akamnyooshea Themanini kidole, ule mpira wake wa ubingwa, mnadhani aliudaka kwa mikono? Uliletwa na sauti.

Themanini akaruka.

— We Beto! Mikono hii! Mikono hii hapa ndiyo iliyoudaka!

— Sikatai ulisimama mahali pazuri.

— Nilisimama? Nilikimbia uwanja mzima nina mtu mgongoni!

— Ulikimbia, sawa. Lakini walikuwa wanaliita jina lako au hawakuliita?

Walikuwa wanaliita. Hilo Themanini hakuweza kulikana. Mambo mengi ya siku ile yamefutika, ila jina lake lilivyokuwa likipigwa na zile sauti, herufi kwa herufi, analisikia mpaka leo akiwa peke yake na ng'ombe wake. Akarudi kukaa.

Wakati huo pikapu yenye nembo ya kampuni ya mitambo ya upepo ilikuwa imeegeshwa, na mwanamke mmoja aliyevaa buti nzito amesimama kando ya mlango anangoja kuhudumiwa. Wakamsalimu kwa kugusa kofia, kama inavyotakiwa, kisha wakamsahau.

— Tuseme kweli, Jaji akaendelea. Kubeba msichana mmoja ni kazi gani? Mimi nimebeba ndama hai kwenye bega hili.

— Mara ya mwisho ulipobeba ndama, Bi Oleta akasema, ulikuwa bado una meno yako. Hebu inukeni. Inukeni, wewe na Themanini! Huo hapo mfuko wa mahindi ya kulishia kulungu, na ni nusu ya uzito wa msichana, tena haifiki. Uinueni juu ya vichwa, mikono imenyooka. Msitikisike. Mtabasamu. Na mtamke jina la mji herufi kwa herufi, kama wao.

— Mbele ya mgeni? Jaji akauliza.

— Wao wanafanya mbele ya mji mzima.

Basi wazee wakainuka. Mvua akajiteua kuwa kocha, akavua kofia, akaipunga. Jaji akashika pembe moja, Themanini nyingine, wakahesabu pamoja, mfuko ukapanda mpaka kifuani, ukapumzika kidogo, ukapanda tena mpaka juu. Ukakaa.

— T! wakapiga kelele.

— Tabasamuni!

— O! L!

— Jaji, hilo si tabasamu, hayo ni maumivu ya tumbo!

— L! I!

Sasa Themanini akaanza kuelewa jambo ambalo hakuna aliyewahi kumweleza, au labda alielezwa akiwa anatafuta rimoti. Uzito haukuwa mikononi. Ulikuwa shingoni, kwenye vifundo, kwenye nyayo. Mfuko ulitaka kwenda kushoto, na ukiutazama hutazami watu, na ukitazama watu huuoni. Akawaza kwamba mfuko huu hauna roho. Ukianguka, Bi Oleta ataleta ufagio. Wa Tatum una jina, anaitwa Briley, na mama yake Briley amekaa kwenye ngazi anatazama.

— V! akapiga kelele peke yake, maana Jaji alikuwa ameishiwa pumzi.

Goti la Themanini likakataa. Mfuko ukalala ubavu, ukapita juu ya kofia ya Jaji, ukapasuka kwenye kona ya benchi. Mahindi yakamwagika mpaka barabarani. Jaji akabaki amekaa chini katikati yake, amejaa mahindi kwenye mifuko ya shati.

— Hiyo haihesabiki, akasema. Mfuko ulikuwa na hila.

Mvua alikuwa anacheka mpaka machozi. Bi Oleta pia. Themanini hakucheka. Alikuwa amesimama anatazama mikono yake, aibu imemjaa, na pamoja na aibu fahari kubwa ambayo hakujua aiweke wapi, maana Tatum mwenyewe hakuwa pale wa kupewa.

— Yeye hamwangushi, akasema.

— Nani?

— Tatum. Hamwangushi mwenzake. Yeye ndiye wa chini.

Jaji akaacha kujikung'uta.

— Tatum wako? Kumbe tumekaa hapa asubuhi nzima tunamjadili Tatum?

— Wako Fort Worth leo. Mashindano ya jimbo. Wameingia fainali.

— Hee! Fainali ya jimbo, na wewe umekaa kimya hivyo! Mvua akasema. Basi kesi imekwisha. Kama kuna fainali, ni mchezo.

— Haijaisha, Jaji akasema kutoka chini. Hata mashindano ya kupika maharage yana fainali.

— Maharage hayarushwi juu!

— Ungekula ya shemeji yangu usingesema hivyo.

Wakaanza upya, na wangefika mbali, kama yule mwanamke wa buti nzito hangeuliza.

— Samahanini. Zamu yao ni saa ngapi?

— Saa tisa, Themanini akasema.

Mwanamke akatazama saa yake, akatazama barabara.

— Kutoka hapa ni mwendo wa saa tatu hivi. Sasa hivi haijafika hata saa tano.

— Ndiyo.

— Sasa nyie mbona mko hapa?

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza duka linafungwa lini. Jaji, ambaye ana jibu la kila kitu hata supu, akaanza kutoa mahindi mfukoni mwa shati, punje moja moja. Mvua akatazama mbinguni, akakuta hakuna wingu. Bi Oleta akafunua birika, akachungulia ndani, kisha akalifunika.

— Aliniambia nisije, Themanini akasema kwa sauti ndogo.

— Na wewe tangu lini unasikia unachoambiwa? Bi Oleta akamjia juu. Miaka yote nakwambia usiegeshe mbele ya mlango wangu, pikapu yako iko wapi saa hii?

Ilikuwa mbele ya mlango.

Bi Oleta akaingia ndani, akarudi na koti na chupa ya chai, akamimina humo kahawa yote iliyobaki, akageuza kibao cha mlangoni kikaonyesha LIMEFUNGWA. Siku ya Jumamosi! Hata alipofiwa na mumewe alifungua saa nane.

— Na chakula cha kuku wangu? mwanamke akauliza.

— Kiko nyuma, jipakilie. Ukiweza, mama, fagia na haya mahindi.

— Mimi naenda kama shahidi tu, Jaji akasema, akipanda kiti cha nyuma cha pikapu ya Themanini, mahindi yakimdondoka. Sijabadili hukumu.

— Chukueni makoti, Mvua akasema. Mvua inakuja.

Themanini aliendesha kwa mkono mmoja mpaka mnara wa maji ukapotea nyuma yao, ndipo akampa Bi Oleta simu ampigie Nelda kwa spika. Ikaita mara nyingi. Nelda alipopokea, nyuma yake kulikuwa na kelele za wasichana na muziki.

— Nelda. Tuwekee viti vinne, Themanini akasema.

— Vinne? Uko na nani?

— Benchi zima.

Nelda akasogea mbali kidogo na muziki.

— Ataniuliza, akasema. Ataniuliza kama umepata jibu la lile swali lake.

Nyuma, Jaji na Mvua walikuwa wameanza tena habari ya mpira na fahali. Themanini akainua mkono kuwanyamazisha.

— Mwambie nimebeba mfuko wa mahindi, akasema. Mwambie nimeufikisha mpaka V, kisha nikauangusha.

— Nimwambie hivyo tu?

— Hivyo tu. Yeye ataelewa.

Kisha wakamsikia Nelda, bila kufunika simu, akiita kwa sauti kuzishinda zile kelele zote:

— Tatum! Njoo hapa! Babu yako yuko njiani!