Tandiko la Benchi Lisikatwe

Nisikilizeni, wanangu, na dirisha lifungwe, maana leo kuna mechi na mtaa wetu huu wa Aston, huku ughaibuni, wote unapiga kelele, nami pumzi niliyobakiza siyo ya kushindana na uwanja. Mugambi, kaa. Kendi, weka simu chini. Nawe Nyokabi, mke wa mwanangu, usisimame mlangoni kama mgeni. Sogea hapa kwenye kitanda cha kufumia.

Nyumba hii ni yenu, Mugambi na Kendi, nusu kwa nusu, na karatasi anayo wakili. Neno langu ni juu ya tandiko hili la benchi nililolifuma miezi tisa, likabaki shubiri mbili kutimia. Najua, Kendi, umewaahidi watu wa maonyesho kulikata kitandani Ijumaa, walitundike nyuma ya kioo chini ya kibao kisemacho "Sanaa ya Kiafrika". Ukaniambia, "Mum, ni heshima, watu wataku-recognise." Heshima ya uongo ni tusi lililovaa suti. Nakataa.

Kazi hii ni ya Uswidi. Nilifundishwa na Bi Ingegerd, mzaliwa wa Skåne, niliyemwogesha na kumlisha katika kazi yangu ya kutunza wagonjwa kule mtaa wa Selly Oak, baada ya kiharusi kumuua mkono wa kulia. Yeye alikuwa na ujuzi bila mkono, mimi mikono bila ujuzi. Tukawa mfumaji mmoja. Akanizoeza kufuma upande wa nyuma ukinitazama, na kila nyekundu inapokutana na buluu, nyuzi zikumbatiane kabla ya kurudi, pasibaki tundu mpakani. Nilipokosea alisema, "Fumua, binti, mpaka kosa lilipo," nami nikafumua kazi ya wiki nzima huku nikilia.

Akina mama wa kanisa wakanicheka: "Mwacha asili ni mtumwa! Kwani kiondo kimekukosea nini?" Viondo nilivisuka kabla baadhi yao hawajazaliwa! Nilichojifunza kwa jasho langu ni changu, na mwalimu wangu simkani ili nipendeze kibaoni. Kicheko chao nimewasamehe. Methali yao, hapana.

Basi shikeni. Tandiko lisikatwe mpaka litimie, na atakayelitimiza ni Nyokabi. Ninyi mlidhani huja Jumamosi kunipikia uji, kumbe alikuwa akifuma na kufumua ubavuni pangu. Kitanda hiki ni chake. Mkono wake ni mzito kuliko wangu, na pale nilipoishia patajulikana, pajulikane. Likiisha, litandikeni benchini, likaliwe. Kwao Bi Ingegerd matandiko haya yalifumwa kwa makalio ya wageni wa arusi na matanga. Watoto wakimwaga chai, lifueni. Na hao watu wa Ijumaa wakija, Kendi, wakaribishe waketi.

Niinue kidogo, Mugambi... hapo. Kendi, usilie, lete kichwa chako niweke mkono. Mungu awape riziki isiyo na aibu. Awape subira ya kufumua. Ugomvi ukiingia kati yenu... usilale humu ndani.

Nyokabi, keti penye kazi. Sasa hivi, nikiwa hai. Pitisha nyekundu... ikumbatie buluu... irudishe. Shindilia.

Sisikii. Shindilia, mwanangu, kitanda hakivunjiki.

Tena.

Ehe... usigeuke kunitazama. Tena.