Kaimu Hashonewi Koti

Mniwie radhi, jamani, nimtoe kwanza huyu binti yangu. Mmemwona wenyewe sasa hivi: amechomoka mikononi mwa shangazi yake, akapita katikati ya viti vya wakubwa, akapanda mapajani mwa kocha mpya na kumwita "baba". Msicheke sana. Kiti anakijua, mtu ndiye mgeni. Wifi, mshike vizuri.

Mheshimiwa mwenyekiti wa klabu, ndugu wajumbe wa kamati, ndugu mwenyekiti wa tawi letu la mashabiki, kocha wetu mpya pamoja na mkalimani wako, wachezaji, wazee wangu, mama zangu, na ninyi mashabiki wenzangu mliosimama hadi mlangoni, nawasalimu kwa heshima zote. Mimi shule niliishia njiani, kwa hiyo neno likikaa upande linyoosheni wenyewe. Nimeitwa hapa kama fundi cherehani wa klabu, nikabidhi koti la benchi. Ndugu mkalimani, mtafsirie kocha yote, hata yale yenye pilipili.

Kocha, klabu hii ina koti moja tu la kocha, tangu enzi za babu zetu. Kila anayeajiriwa hulivaa siku ya kukaribishwa, na kabla ya siku hiyo fundi hulilinganisha na mwili wake. Mama yangu aliifanya kazi hii, nami nikairithi. Alikuja kocha mwembamba kama ufito, nikalibana. Akafukuzwa, akaja mwenye kitambi, nikaongeza kitambaa ubavuni. Naye akafukuzwa. Na kila anapofukuzwa mtu, timu hukabidhiwa mume wangu, mnayemwita Daraja kwa sababu mnapita juu yake kumfuata mwingine. Yeye hulivaa koti kama lilivyoachwa, mikono ikimfunika hadi vidole, maana desturi yenu inasema kaimu hashonewi.

Msimu huu katuokoa tulipokuwa tumekwisha kuchungulia kaburi. Mlimbeba mabegani, mkaimba jina lake hadi sauti zikawakauka. Jioni ile, ndugu mwenyekiti wa tawi, ulikuja kwangu ukasimama mlangoni ukicheka.

"Fundi, safari hii shona kwa kipimo cha mumeo. Mambo yameiva."

Nikakuuliza, "Nikate kabisa, au nikunje tu kwa ndani?"

"Kata, mwanangu! Unakunja nini? Humwamini mumeo?"

Nikakata.

Nakusifu, baba yangu. Si kila mtu anaweza kuahidi nafasi moja kwa watu wawili na bado akalala usingizi.

Kwa sababu haukupita muda, kamati ikawauliza mashabiki mnamtaka nani. Mlikwenda kujadiliana kwa kinyozi. Mmesahau kwamba kibanda changu kimepakana na chake, na kati yetu ni bati tupu. Nilikuwa na pini mdomoni, nisingeweza kuwajibu hata kama ningetaka.

"Daraja ni mtu wetu, sikatai," alisema kinyozi, "lakini kocha? Juzi nimemnyoa hapa, akasinzia mpaka udenda ukamtoka. Mtu wa namna hiyo nitamwogopaje?"

"Mimi nimemwona sokoni kabeba vitunguu," akadakia muuza mkaa. "Kocha wa maana anabeba vitunguu, mzee?"

"Kocha lazima aje na mkalimani!" akasema mwingine. " Ukiona unamwelewa tu hivi hivi, ujue hajui kitu huyo."

Mlicheka hadi bati likatikisika. Dereva wa lori peke yake aliuliza, "Lakini si ndiye aliyetuokoa?" Mkamjibu, "Katuokoa, ndiyo. Tumshukuru, yaishe." Na jibu hilo ndilo ulilolipeleka kwa kamati, ndugu mwenyekiti wa tawi.

Vitunguu vile vilikuwa vyangu, ndugu zangu. Mimi nilikuwa nimembeba mtoto. Je, mume akimpokea mkewe mzigo ndipo anapousahau mpira? Au kosa lake ni kwamba mnamjua? Kama kumjua mtu ndiko kumdharau, basi sisi wake zenu tuna kazi kubwa, maana tunawajua kupita kiasi.

Kocha, kwako sina kinyongo. Ulikaribishwa mezani, hukuambiwa kiti kilikuwa cha nani. Na koti, ndugu zangu, mmeliona alipovishwa hapa mbele: limemkwama mabegani, mkono mmoja umegoma kuingia, ukumbi mzima ukanigeukia mimi kana kwamba sijui kupima. Kitambaa kilichokatwa hakioti tena. Nitatafuta kinachofanana nacho niunge, lakini mshono utaonekana, na acha uonekane.

Sasa niseme lililonileta. Mume wangu hayumo humu. Yuko chumba cha vifaa, anafunga begi. Timu ya mji wa mbali imemtumia gari, na dereva anamngoja uani. Aliniambia asubuhi, "Mama, kocha mpya akinitaja leo kuwa msaidizi wake, nabaki. Nisipotajwa, naondoka kimya kimya." Mimi siwezi kumfuata. Mama yake yuko kitandani hajiwezi, na wa kumgeuza ni mimi. Mwanangu atamjua baba yake kwa sauti ya simu. Nami nimekaa hapa tangu mwanzo nikisikiliza: ametajwa daktari wa timu, ametajwa mkata nyasi, ametajwa hadi mwenye vipaza sauti. Yeye hajatajwa. Mlimsahau, au mliona haya?

Bado nina matumaini, ndiyo maana nimesimama. Kocha, makofi uliyopigiwa leo nayajua. Mikono hii hii iliwapigia wote waliokutangulia. Siku yatakapogeuka miluzi, utahitaji mtu mmoja kwenye benchi asiyekuombea mabaya. Daraja hajamwombea kocha yeyote afungwe, ingawa kila walipofungwa ndiye aliyepandishwa. Hilo naliapia, maana tunasali pamoja.

Basi, kwa lugha yoyote unayotaka, tamka mbele ya watu hawa: unamhitaji, au humhitaji? Ndugu mkalimani, mbona umeinama? Kasema nini?

Anauliza Daraja ni nani?

Mheshimiwa mwenyekiti! Hamkumwambia? Mtu amepokea timu nzima, na aliyemwachia hakutajwa hata kwa jina la utani?

"Shemeji! Shemeji, njoo upesi, gari limeshawashwa!"

Nakuja, nahodha, nakuja! Lishike hilo begi, usimwachie! Wazee wangu, asanteni kwa masikio yenu, shukrani zangu nyingine zitangoja. Mkalimani, mwambie kocha ainuke, twende naye hadi uani akamwone mtu mwenyewe kabla lango halijafunguliwa, na umwambie kwamba huyo anayeondoka ndiye aliyeiokoa timu anayokabidhiwa leo!