Mama Hajafika, na Ijumaa Aliyotoka Ofisini

Kila siku ya kazi, kabla hajavua koti na kabla hajagusa chai, marehemu aliweka orodha za wasiofika, walizomletea walimu wa madarasa, upande wa kushoto wa simu, miwani upande wa kulia, akaanza kupiga. "Habari za asubuhi, mama. Naongea kutoka shuleni. Mwanao hajafika. Yuko nyumbani?" Hakuongeza neno mpaka ajibiwe. Kama mtoto alikuwa kitandani anaumwa, alitoa pole na kuuliza amepewa dawa gani. Kama mzazi alinyamaza upande wa pili, na yeye alinyamaza, akamwacha avute pumzi. Saa tatu kasorobo alikuwa amemaliza madarasa yote kumi na sita, na chai imeshapoa. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mama Hajafika, na wengi mliopo hapa hamkuwahi kumwita vinginevyo.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1964, mtoto wa pili kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Baba yake alikuwa mpakiaji kiwandani humo na mama yake alifua nguo za watu. Shangazi yake, ambaye tunaye hapa, anasema mtoto huyu alichelewa sana kuongea, wakaanza kuwa na wasiwasi, na siku alipofungua mdomo alianza na swali: "Nani kasema?"

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1971 hadi 1977, akafaulu kwenda sekondari. Barua ya kumwita ilifika shuleni mwezi Desemba, ikakaa kwenye droo ya ofisi hadi Aprili, kwa sababu hakuna aliyeijua nyumba yao na hakuna aliyejisumbua kuuliza. Nafasi ikapewa mtu mwingine. Baba yake alivaa shati lake la kutokea akaenda kulalamika, akarudi na ile barua mkononi, imekunjwa mara nne. Marehemu alikaa nyumbani akimsaidia mama yake kufua, mpaka alipopata nafasi ya kujifunza kupiga chapa masomo ya jioni. Alipata cheti Novemba 1983.

Jumamosi ya tarehe 18 Mei 1985 alifunga ndoa na fundi wa kuchomelea mageti. Walikutana ofisini alikoanzia kazi ya kupiga chapa, fundi alipoitwa kurekebisha nondo za dirisha. Kazi ya nusu siku ikachukua siku tatu. Bosi alipouliza, fundi alisema dirisha lile lina ugonjwa. Walijaliwa watoto watatu. Fundi alikuwa mtu wa masihara, na rafiki zake wanakumbuka alivyokuwa akisema, "Mke wangu akinipigia simu, naanza kutafuta sare." Alifariki tarehe 7 Agosti 2011, na marehemu hakuolewa tena.

Januari 1992 aliajiriwa kuwa karani wa shule ya sekondari, na hapo ndipo alipokaa miaka karibu thelathini na moja. Wakati huo hakukuwa na simu za mkononi. Aliandika barua kwa mkono na kuzituma kwa msambaza mikate, kwa kuwa gari la mikate lilifika kila mtaa. Ripoti za mwisho wa muhula hakumpa mwanafunzi apeleke nyumbani hata siku moja. Alisema ripoti ni ya mzazi, na mzazi aje aisaini mbele yake. Wazazi wasiojua kusoma aliwasomea pole pole, mstari kwa mstari, mlango ukiwa umefungwa. Muuza nyama mmoja aliitazama ripoti ya mwanawe akauliza, "Karani, hii thelathini na nane ni nzuri?" Marehemu akamjibu, "Kwa kiatu ni saizi nzuri, baba. Kwa hesabu, vuta kiti tuongee." Waliongea saa nzima. Kijana huyo leo ni mpima ardhi.

Baadaye alijiwekea utaratibu mwingine. Kila Ijumaa mchana aliwapigia wazazi watatu kuwapa habari njema tu. Kazi hiyo ilimtesa kuliko zile za asubuhi, maana mtu akiiona namba ya shule roho ilimruka. "Ameanguka?" mama mmoja aliuliza kabla hata ya salamu. "Hajaanguka. Leo amesoma insha yake mbele ya darasa, wakampigia makofi. Ni hilo tu." Mama akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa nije lini?"

Wasifu huu ungeweza kuendelea hivyo hadi mwisho, lakini usingekuwa wa kweli. Ijumaa tarehe 25 Novemba 2022, ukiwa umebaki mwaka mmoja na miezi kama minne astaafu, marehemu aliacha kazi ghafla, saa nne asubuhi. Mwezi huo huo mtihani wa shule wa kidato cha pili ulikuwa umevuja. Watu walijumlisha mawili hayo wakapata jibu lao, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akichapa mitihani. Mliosema mnajijua, na mliosikia mkanyamaza mnajijua pia. Akiingia dukani, maongezi yalikatika. Siku moja kwenye foleni ya sabuni sauti ilitoka nyuma yake, "Jamani, mtihani siku hizi wanauza bei gani?" Watu wakacheka. Alinunua sabuni yake, akahesabiwa chenji, akarudi nyumbani akaiweka juu ya meza bado imo kwenye mfuko. Aliyemuuliza kwa nini aliacha kazi alipata jibu moja: "Nilichoka."

Hakufukuzwa. Mkuu wa shule alimwandikia barua tatu za kumwomba arudi, ya mwisho ikiwa ya tarehe 20 Februari 2023. Zote ziko pale mezani karibu na picha yake, na anayetaka kusoma asome. Walioiba mtihani walishajulikana, na karani hakuwa mmoja wao, ila habari ya namna hiyo haikuwa tamu, kwa hiyo haikufika mbali.

Marehemu alikuwa na kisukari tangu mwaka 2019. Machi 2023 alipata kidonda mguuni kilichokataa kupona, na Oktoba mwaka huo alikatwa vidole viwili. Aprili 2024 figo zilianza kushindwa, akalazwa tarehe 21 Mei katika wodi namba nne. Hata huko hakuacha kazi. Alimsikia muuguzi kijana akiipigia familia ya mgonjwa mwingine, akamwita kitandani. "Binti, usianze na 'msiogope'. Mtu akiambiwa asiogope, hapo ndipo anaogopa. Anza na jina lako, kisha useme mgonjwa yuko vipi sasa hivi." Muuguzi huyo yupo hapa leo. Mjukuu wake aliyekuwa akimuuguza alikuja kukaa naye kila siku akitoka kazini, na kila jioni marehemu alimuuliza, "Leo umeshona nini?" na kusikiliza jibu lote, hata likiwa ni la vifungo tu. Alifariki Jumanne tarehe 4 Juni 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na miaka sitini.

Ameacha watoto watatu: mwanawe wa kwanza ambaye ni fundi umeme, binti wa pili ambaye ni mkunga, na binti wa mwisho anayefanya kazi ya hotelini mbali na nyumbani. Ameacha wajukuu saba, kaka mmoja, dada wawili na shangazi yake.

Limebaki la Ijumaa ile. Familia ilikaa Jumatano ikalizungumza. Mjomba, yule fundi umeme, alimuuliza mjukuu anayesoma maneno haya, "Una hakika? Watu watakutazama." Mjukuu akasema bibi ametazamwa mwaka na nusu, inatosha.

Mjukuu huyo, mtoto wa yule binti wa mwisho, alilelewa na marehemu. Januari 2022 aliingia kidato cha kwanza kwenye shule hiyo hiyo. Kila asubuhi walitoka pamoja wakafika pamoja langoni, bibi akashika njia ya ofisini, mjukuu ya darasani. Lakini darasani alikuwa haongeleshwi. Kila mwanafunzi ambaye nyumbani kwao kulipigwa simu aliamini ni yeye aliyepeleka maneno. "Nyamazeni, simu ya bibi imeingia," walisema akifungua mlango, na kweli wote walinyamaza. Alikula peke yake, akakaa dawati la peke yake. Muhula wa kwanza alivumilia, na wa pili pia. Muhula wa mwisho akaanza kupita nyuma ya matangi ya maji, penye tundu kwenye uzio, na kushinda kwa fundi cherehani karibu na soko, akishona vifungo na kupinda suruali. Saa tisa na nusu alirudi kusimama langoni, akamsubiri bibi yake, wakaenda nyumbani. Bibi alikuwa akimuuliza, "Shule ilikuwaje?" Naye alijibu, "Nzuri."

Jioni ya Ijumaa hiyo alimweleza bibi yake yote hayo. Marehemu alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akasema, "Nimeuliza habari za watoto mia sita kila siku. Wewe nilikuuliza kama mtu anayesalimia." Akaongeza kwamba jambo hilo halitatoka mle ndani, kwa sababu msichana wa miaka kumi na nne hatatembezwa mtaani na jina la mtoro. Watu wangesema lolote, yeye angesema amechoka. Alimwomba mjukuu arudi shule, hiyo au nyingine, akamwomba tena na tena, na mjukuu hakuweza. Hilo halikumwachia amani mpaka mwisho, na kusema vinginevyo mbele ya kaburi lake ni uongo.

Yaliyotokea asubuhi ile ofisini yameelezwa na mwalimu wa darasa mwenyewe, aliyekuja nyumbani Alhamisi akalia kwenye kiti cha mlangoni. Marehemu alikuwa akitia ripoti za kidato cha kwanza, zilizotoka kuchapwa mjini, kwenye bahasha. Akasimama na moja mkononi.

"Mwalimu, hapa wamekosea kuchapa."

"Wapi, mama?"

"Siku alizokosa. Wameandika thelathini na saba."

"Hawajakosea, mama. Tulijua unajua. Unaumwa sukari, tukadhani anabaki kukuhudumia."

"Mimi nipo hapa kila siku. Angenihudumia wapi?"

Mwalimu alivuta kiti akakaa.

"Jina lake halijawahi kuwa kwenye orodha unayoniletea."

"Niliona aibu kukuletea jina la mjukuu wako. Wenzangu wakaniambia niache, mambo ya nyumbani kwako unayajua mwenyewe."

"Wenzako wote?"

"Wote, mama."

"Na hakuna aliyenipigia simu."

"Tungekupigiaje simu," mwalimu akasema, "na wewe ndiye unayepiga?"

Marehemu alikaa. Alimaliza bahasha zote zilizobaki, darasa zima, akazipanga kwa herufi. Ile moja akaiandikia jina lake mwenyewe kwenye nafasi ya mzazi au mlezi, akafungua kitabu cha kupokelea ripoti, akasaini na kuandika tarehe. Akamuuliza mwalimu mtoto anaonekana wapi mchana. Mwalimu akasema wanafunzi wanadai wamemwona kwa fundi cherehani, karibu na soko. Akavaa koti.

Langoni mlinzi alishangaa. "Mama, saa nne tu hii. Umeitwa wapi?"

"Leo mimi ni mzazi," akasema. Mlinzi alidhani ni utani, akacheka akafungua geti. Alivuka barabara bila kuangalia nyuma, na kwenye ile shule hakurudi tena.

Mwenyezi Mungu ampokee mama yetu na bibi yetu, na jina lake nalo lipate kupumzika.