Shingo ya Fundi wa Sare

Shingo ya fundi cherehani ilikuwa haigeuki. Alikaa mbele yangu kwenye basi, na kila alipomjibu mama aliyekaa pembeni yake aligeuka mwili mzima, kama kabati linalohamishwa.

“Nilichomwa sindano ya steroidi hapa shingoni, dada. Maumivu yakaisha kabisa.”

“Na daktari alisemaje?”

“Nipumzike, nisiiname. Sasa mtu haumwi, apumzike kwa sababu gani? Nikapokea sare za shule nzima, nikainama mpaka shingo ikakataa kugeuka.”

“Hongera. Kumbe ulichomwa sindano ya kuongeza wateja.”

“Usinicheke. Nina watoto.”

“Sikucheki, kaka. Maumivu ni mbwa; alikuwa anabweka, ukamfunga mdomo. Halafu unashangaa mwizi kaingia.”

Nikajifanya naangalia nje. Shingo yangu inageuka, nashukuru.

“Kesho naenda kuchomwa nyingine,” fundi alisema.

“Nenda. Sekondari nao wanahitaji sare.”

Basi likasimama. Fundi akamwomba yule mama amwangalizie kushoto kama kuna pikipiki, ndipo akashuka.

Njiani alikuwa amemwambia kwamba sare zote zilikamilika kwa wakati. Zilimgharimu shingo, vidole viwili vilivyokufa ganzi, na kiti cha cherehani, ambacho alisema sasa anakikalia shemeji yake asiyejua hata kukunja pindo.